Kuonja Si Kunywa

Pale kiwandani walimwita Ulimi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Si kwamba alikuwa msemaji. Kwa maneno alikuwa bahili hasa. Walimwita Ulimi kwa sababu kiwanda kizima cha bia, pamoja na matangi yake marefu na mitambo ya chupa inayopiga kelele kutwa, kilitegemea kile kipande cha nyama kilichokuwa kinywani mwake. Akisema bia iko sawa, malori yanapakiwa. Akikunja uso, tangi zima linamwagwa mferejini, na watu wenye shahada zao wanabaki wameshika viuno.

Kazi yenyewe ilifanyika katika chumba kidogo chenye vibanda vitano vilivyotengwa kwa mbao. Kila kibanda kilikuwa na kiti, sinki, sahani ya biskuti zisizo na chumvi, glasi ya maji na taa nyekundu. Taa nyekundu ilikuwa ya kuficha rangi, jicho lisije likaudanganya ulimi. Ukutani palikuwa na kidirisha. Kilifunguka, mkono ukasukuma glasi zenye namba, kikafungwa. Saa nne asubuhi glasi kumi na mbili, saa tisa alasiri nyingine kumi na mbili. Na kwa kuwa Ulimi ndiye alikuwa mkuu wa waonjaji, alionja pia tangi moja moja kila asubuhi kabla wenzake hawajafika, na alionja tena kila mtambo ulipobadilishwa kutoka bia hii kwenda ile.

Sasa kuna jambo moja ambalo mtu wa nje halijui. Wanaoonja divai hutema. Wanaoonja bia humeza. Uchungu wa bia haumalizikii mdomoni; unakungoja kule nyuma kooni, ukipita ndipo unajua kama ni uchungu wa heshima au wa kihuni. Ukitema, hujaonja kitu, umesukutua tu. Kwa hiyo Ulimi alimeza. Alimeza kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyewahi kumwona akipepesuka.

Wala hakuwa mlevi. Hilo alikuwa tayari kuliapia mbele ya yeyote. Katika kamusi yake, kunywa kulikuwa ni baa, kelele, kugombana na meza na kurudi nyumbani umeshikilia ukuta. Kuonja ni kazi, na kazi imeandikwa kwenye mkataba. Hakuna baa iliyojua sura yake. Harusini alishika soda, na mashemeji wakamsifu mpaka akaona haya. Wenzake kiwandani walimtania, "Mkuu, kunywa basi moja, leo hatuko kazini," naye akawajibu, "Hicho kitu mimi sinywi." Kwa hesabu zake hakuwa akidanganya. Mtu akiamua kujidanganya mwenyewe, hahitaji msaidizi.

Aliyemfanya ashikilie hesabu hizo ni mkewe. Mama Pacha alikulia katika nyumba iliyotawaliwa na chupa. Baba yake alikunywa mpaka moyo ukamvimba, akafa ameketi kitini, kwa kuwa akilala chali pumzi zilikuwa hazipandi. Wakati Ulimi anamposa, binti yule alimwambia waziwazi, bila kuzunguka, kwamba yeye haolewi na mnywaji hata ashuke na mabawa. Ulimi akasema, "Mimi sinywi," na ikawa kweli kabisa siku hiyo. Miaka sita baadaye alipopata kazi kiwandani, alimwambia ameajiriwa katika maabara ya kupima ubora. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ndivyo kibao cha mlangoni kilivyosema. Kuhusu harufu hakukuwa na tabu, maana kiwanda kile kilinukisha kimea mtaa mzima, na hata mlinzi wa getini, ambaye hakuonja tone, alirudi kwake akinuka. Ulimi alioga kazini, akapiga mswaki, akabadili nguo, ndipo akatoka. Mkewe alikuwa akijisifia mume msafi.

Basi aliishi hivyo, na aliishi vizuri tu, mpaka ngazi za nyumbani zilipoanza kumshinda. Walikaa ghorofa ya tatu. Siku moja alifika ya pili, moyo ukaruka pigo moja, ukapiga matatu ya haraka, ukatulia, ukaanza tena kama mtu anayetafuta funguo gizani. Akaketi kwenye ngazi akisingizia kufunga kamba za kiatu. Wiki ile ile miguu ilimvimba mpaka kiatu kikakataa kuingia, na kiatu kikishakataa, hakuna cha kusingizia. Mama Pacha alimshika mkono asubuhi yake wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti zao, mwenye macho ya kuchoka na sauti ya upole. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akachukua kalamu.

"Baba, unavuta sigara?"

"Hapana."

"Pombe?"

Kabla Ulimi hajafungua mdomo, mkewe alishajibu. "Pombe? Huyu? Daktari, ukoo mzima wanamtania kwa soda zake. Mimi ningeolewa na mnywaji?" Akacheka, akampigapiga mumewe begani kwa fahari.

"Kazi yako, baba?"

"Niko maabara," Ulimi alisema. "Napima ubora."

Ubora wa nini, daktari hakuuliza. Nje foleni ilifika getini. Aliandika kwenye faili: hatumii. Ulimi aliiona kalamu ikiandika neno lile, akaliona likikauka. Sekunde moja ingemtosha kusema, "Daktari, ngoja." Lakini bega lake lilikuwa bado lina joto la mkono wa mkewe, na sekunde ile ikampita.

Vipimo vikafuata. Shinikizo la damu lilikuwa juu kidogo. Picha ya moyo ilionyesha moyo uliotanuka, misuli imelegea, unasukuma damu kwa karibu nusu ya nguvu inayotakiwa, na mapigo yake hayana mpango. Kwa nini? Hapo ndipo pakawa na kitendawili. Mishipa ilikuwa safi. Sukari haikuwepo. Tezi ya shingoni haikuwa na neno. Virusi walivyotafuta havikuonekana. Daktari aliweka karatasi zote mezani akasema, "Tunamtafuta mwizi, baba, na kila chumba tunakuta kitupu." Ulimi akatazama viatu vyake.

Je, alikuwa anajua? Tuseme alikuwa anajua kama mtu anavyojua kuna barua ambayo hajaifungua. Kiwandani, kwenye ukuta wa kantini, mtu alibandika zamani kipande cha gazeti kilichosema glasi moja kwa siku ni rafiki wa moyo, na Ulimi alikuwa amekiegemea kipande hicho kwa miaka. Lakini kwenye korido ya kliniki palikuwa na bango jingine, na siku ya foleni ndefu mtu husoma hata asichotaka. Lilisema pombe hupandisha shinikizo la damu, huvuruga mapigo ya moyo, na ikizidi hulegeza misuli ya moyo wenyewe. Mambo matatu, na yote matatu yalikuwa kwenye faili lake. Jumatatu iliyofuata, kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, alichukua jagi la maabara lenye mistari. Kila alipomeza, alimimina maji ya kiasi kilekile ndani ya jagi. Likajaa, akaandika, akamwaga, akaanza upya. Ilipofika saa kumi jioni alijumlisha. Lita mbili na robo tatu. Alibaki ameketi chini ya taa nyekundu, wenzake wameshaondoka, akiogopa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Akajaribu kutema. Siku ya kwanza mambo yakaenda. Siku ya pili ikampita bia yenye harufu ya siagi, kosa ambalo hata mwonjaji wa wiki moja angelinusa, na siku ya tatu simu za wateja zikaanza. Meneja wa ubora hakugomba. Alifanya jambo baya zaidi. Aliamuru kila tangi lionjwe mara mbili mpaka imani irudi. Kwa hiyo Ulimi, aliyetaka kupunguza, alirudi kumeza, na akameza zaidi kuliko alivyowahi kumeza maishani mwake.

Ndipo alipomwendea meneja, kofia mkononi.

"Bosi, naomba unihamishe. Moyo wangu una matatizo."

"Pole sana, mzee wangu," meneja alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini unajua mwezi ujao tunatoa bia mpya. Nikikutoa bila sababu, ofisi kuu watanila nyama. Niletee barua ya daktari iseme kuonja ndiko kunakokudhuru. Siku hiyohiyo nakupeleka stoo, ukahesabu vizibo mpaka ustaafu."

"Barua tu?"

"Barua tu. Mbona jambo dogo?"

Jambo dogo! Ulimi alitoka mle ndani akijiona amefungiwa katika chumba ambacho amekijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa miaka ishirini na miwili. Ili aache kumeza, alihitaji barua. Ili apate barua, ilibidi daktari ajue. Na daktari asingejua peke yake, maana Mama Pacha hakukosa kliniki hata moja. Alikaa pale kwenye kiti cha pembeni na daftari lake la dawa, akiandika kila kinachosemwa. Angeweza kwenda bila yeye? Alijaribu. Aliomba ruhusa siku ya Jumanne, akaenda peke yake, akampa nesi kadi. Nesi akaona si siku yake, akaogopa kwamba amezidiwa, akapiga namba iliyoandikwa kwenye faili. Namba ile ilikuwa ya mkewe. Nusu saa baadaye Mama Pacha aliingia anahema, kanga mkononi, viatu vya nyumbani miguuni.

"Umezidiwa halafu unakuja peke yako? Baba Pacha, mimi ni nani kwako?"

"Nilidhani nimepata nafuu," alisema, jibu ambalo halikuwa na kichwa wala miguu, na mkewe akalisamehe kwa kuwa alimpenda.

Nyumbani mambo yakazidi kubana. Kwa kuwa mwizi hakupatikana, Mama Pacha aliamua mwizi ni yeye. Kwanza aliondoa chumvi, nyumba nzima ikala vyakula vilivyopooza. Kisha mafuta. Kisha akaacha hata kuonja sufuria yake mwenyewe, kana kwamba mkono wake una sumu. Jioni moja Ulimi alipita karibu na jikoni akamsikia akiongea na dada yake kwenye simu. "Ni mimi, dada. Miaka yote hii namlisha. Nani mwingine?" Alikuwa analia polepole, mtu asisikie. Ulimi alisimama ukumbini amejishika ukuta. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, hatua nne tu. Alizihesabu. Kisha akageuka akaingia chumbani, na pale alijichukia waziwazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha maradhi yake halafu yakamwangukia mtoto.

Pacha wao walikuwa wawili, wote wasichana. Doto aliolewa mbali. Kurwa alibaki nyumbani, na tangu akiwa na miaka kumi alitaka kitu kimoja tu, kuwa mzimamoto. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Mwaka huo alikuwa ameshapita mbio, ameshapita kamba, ameshapanda ngazi ya mita thelathini na mtu mgongoni. Ilibaki fomu ya afya. Na kliniki iliyopita daktari alikuwa amesema, kwa masikitiko, "Tusipopata chanzo, inabidi tuhesabu kuwa ni ugonjwa wa kurithi. Watoto wenu wapimwe." Kurwa alipimwa, moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Lakini wa kurithi hujitokeza ukubwani, daktari akaeleza, kwa hiyo awe anapimwa kila mwaka.

Jumatano jioni Kurwa aliketi mezani na fomu yake. Swali la tisa liliuliza kama kuna ugonjwa wa moyo wa kurithi katika ukoo.

"Ukijibu ndiyo inakuwaje?" Ulimi aliuliza, ingawa alikuwa ameshalisoma jibu usoni mwake.

"Hawakuchukui kwenye kikosi, baba. Watanipa kupokea simu, labda." Alizungusha kalamu vidoleni. "Natakiwa kurudisha Ijumaa."

"Si umepimwa ukaonekana mzima? Andika hapana."

Kurwa alimtazama kwa mshangao, halafu akatabasamu kumwondolea baba yake aibu. "Nidanganye? Na mimi mtoto wako?"

Hakusema kwa kumchoma. Angekuwa amesema kwa kumchoma, ingekuwa afadhali. Ulimi aliweka kiganja juu ya fomu, pale penye swali la tisa, kalamu isifike.

"Ngoja mpaka kesho," alisema.

"Kesho kuna nini?"

"Kliniki."

Alhamisi hiyo hakupitia kazini. Foleni ilikwenda taratibu, wakaingia chumbani kwa daktari kwenye saa sita mchana. Mama Pacha alifungua daftari. Daktari akafungua faili, akaanza kueleza habari ya kipimo kingine kilichokuwa kinafanyika mji mwingine, ghali na kigumu. Ulimi alimkatiza. Hakuwahi kumkatiza mtu mwenye koti jeupe.

"Daktari, mwizi namjua."

Wanawake wote wawili walimgeukia.

"Mimi ni mwonjaji wa bia," alisema. "Pale kiwandani. Na bia haitemwi." Akaona hawajaelewa, akaanza tena, akaeleza kila kitu mpaka hesabu ya jagi. Hakumtazama mkewe. Alizungumza na saa ya ukutani. "Siku ile mke wangu aliposema sinywi, hakukudanganya. Yeye ndivyo anavyojua. Mimi ndiye niliyenyamaza. Mapishi yake hayana kosa, na damu yangu haina kosa. Mtoto wangu asiandikwe kitu ambacho hana."

Kalamu ya Mama Pacha ilikuwa imesimama katikati ya neno. Daktari alivuta pumzi, na la kushangaza ni kwamba uso wake ulilegea, kama fundi aliyeonyeshwa hatimaye bomba linalovuja.

"Lita mbili na robo tatu. Kila siku?"

"Siku za kazi. Miaka ishirini na miwili."

"Baba, kiasi hicho kwa nusu ya miaka hiyo kingetosha kabisa kulegeza moyo."

"Lakini gazeti lilisema kidogo kinalinda."

"Hayo yalisemwa sana zamani. Siku hizi wataalamu wengi hawayaamini tena. Na hata kama yangekuwa kweli, wewe na kidogo mliachana siku nyingi." Alichukua karatasi. "Nitaandika barua mbili. Ya bosi wako, usionje tena hata tone. Na ya binti yako, kwamba chanzo kimepatikana na hatuna sababu ya kusema ni cha kurithi. Moyo wa namna hii, mtu akiacha kabisa, mara nyingi hupata nafuu. Siahidi, lakini nimeona."

Ulimi alisikia kitu kizito kikimtoka mabegani. Kurwa atapanda ngazi zake. Alitaka kulia, akajikaza. Hakuthubutu kugeuza shingo amtazame mkewe.

Daktari alimaliza barua ya kwanza akaigonga muhuri. "Ila kuna jambo. Mwili uliozoea pombe haukatishwi ghafla bila kuangaliwa, unaweza kuleta matatizo. Kwa hiyo niambie, siku ambazo huendi kazini, unajisikiaje?"

"Salama tu," Ulimi alisema. "Mimi si mlevi, daktari. Ile ilikuwa kazi."

Hapo Mama Pacha akajibu. Hakuwa amefungua mdomo tangu waingie, na labda asingejibu kama si mazoea. Miaka karibu thelathini alikuwa akimjibia mumewe kwa madaktari, kwa walimu, kwa majirani.

"Jumapili huwa hayuko sawa," alisema taratibu, akimtazama daktari, si yeye. "Anatoka jasho hata kukiwa na baridi. Hagombi, ila hataki kusemeshwa. Mikono inamcheza, shati hawezi kulifunga. Mimi ndiye humfungia. Nilikuwa najua ni uchovu wa wiki. Namsimamisha mbele ya kioo, naanza na kifungo cha juu, nashuka..."

Daftari lilikuwa limeanguka chini, na vidole vyake vilikuwa vimeinuka mbele yake, vinafunga shati ambalo halikuwepo.

"Baba nilikuwa namfungia hivi hivi," alisema. "Kila asubuhi, kabla sijaenda shule."

Ulimi alinyoosha mkono amshike. Ilikuwa imepita saa sita mchana, na tangu jana yake alasiri hakuwa amemeza bia. Mkono ulikuwa ukitetemeka, na hakuna hata mmoja kati yao watatu ambaye hakuuona.